Chukudu na barabara kubwa: historia ya skuta yetu ya mbao na mwendo wake

Asubuhi mapema kando ya barabara ya taifa namba 2, upande wa Kanyaruchinya, chukudu husikika kabla haijaonekana. Kwanza mlio wa magurudumu ya mbao yakisaga njia, kisha mluzi wa kijana anayeomba watu wapishe, ndipo inatokea yenyewe ikitelemka kuelekea Goma na magunia manne au matano ya makala mgongoni. Kijana ameegemea mzigo, mguu mmoja uko tayari juu ya freni. Nyuma yake kamioni inapiga honi.

Je, chukudu inaweza kukimbia kiasi gani, na je, mahali pake ni kwenye barabara kubwa? Swali hili husikika sana kila ajali inapotokea. Linawahusu hasa ndugu zetu waliohama makwao kwa sababu ya vita, kwa kuwa wengi wao walifika kambini wakitembea nyuma ya chukudu iliyobeba godoro, masufuria, bidoni na mara nyingine mgonjwa au bibi asiyeweza kutembea. Kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo.

Chukudu ni skuta, au trotineti kama wengine wanavyosema: magurudumu mawili, ubao wa kusimama na usukani, bila kiti na bila mota. Ilianza kuonekana Kivu Kaskazini miaka ya 1970, wakati inchi yetu ilikuwa ikiitwa Zaire. Mafuta yalikuwa ghali, vipuri vya gari vilikuwa shida, na mkulima wa milimani alikuwa na viazi, kabichi na maharagwe ambavyo kichwa cha mtu hakiwezi kufikisha sokoni kwa wingi. Miti ilikuwepo na mafundi wa mbao walikuwepo. Jina lenyewe, wengi husema, lilitokana na mlio wake juu ya mawe.

Fundi hutumia mbao ngumu kwa mwili, na mara nyingi mkaratusi. Magurudumu huchongwa kwa mbao na kuvishwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa gari uliokwisha. Katikati ya gurudumu huingizwa vyuma vya kuzungukia, ambavyo navyo mara nyingi vimetoka kwenye gari bovu, na mbele hufungwa springi ili usukani usivunje mikono ya mwenye kuushika. Juu ya ubao hupigiliwa kipande cha mpira, mara nyingi soli ya kandambili, ambapo mwendeshaji huweka goti moja huku mguu wa pili ukisukuma ardhi. Chombo kilichotengenezwa vizuri hubeba kilo 400, na wapo wanaokipakia zaidi ya hapo. Ni uzito ambao moto nyingi za mjini hazithubutu kuubeba.

Sasa tutazame freni, kwani historia ya mwendo wa chukudu imejificha pale. Ni kipande cha mpira kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hukikanyaga, mpira unasugua gurudumu, mwendo unapungua. Hakuna kingine. Kwenye mteremko mrefu mpira hupata joto, ukanuka, ukaanza kuteleza. Mvua ikinyesha gurudumu huloa na mguu hukanyaga bure. Aliyeitengeneza chukudu ya kwanza hakuwa mjinga. Aliifanyia njia ya udongo na mawe, mahali ambapo njia yenyewe inashika gurudumu na kusaidia kupunguza mwendo.

Ndiyo maana huwezi kutaja mwendo wa juu wa chukudu kwa namba moja. Ikipanda mlima na mzigo, inasukumwa na watu wawili au watatu kwa mwendo wa miguu, yaani kilomita 4 kwa saa au chini ya hapo. Kwenye tambarare, mtu akisukuma kwa mguu, inakwenda kama baiskeli ya mzee. Ila ikitelemka na mzigo juu ya lami laini, hakuna kinachoizuia isipokuwa ule mpira na moyo wa anayeiendesha. Mota ina mwisho wa nguvu zake. Mteremko unaendelea kuvuta mpaka ufike chini.

Hesabu yake ni hii. Chombo kinachokwenda kilomita 30 kwa saa kinapita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 15 hadi 30, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili tu. Kwa freni ileile unakuwa mara nne. Na uzito unazidisha kazi ya freni: kilo 400 zinazotelemka zinasuguliwa na kampira kadogo kalekale kanachosimamisha chukudu tupu. Vijana wenye uzoefu wanalijua hilo bila kufundishwa hesabu. Huanza kukanyaga freni juu kabisa ya mteremko, kabla chombo hakijapata nguvu. Wageni wa kazi hungoja mpaka waogope, na hapo wamechelewa.

Zamani jambo hili halikuwa kubwa kama leo, kwa sababu barabara ilikuwa mbovu kwa wote. Kamioni yenyewe ilipita polepole ikikwepa mashimo, na tofauti kati yake na chukudu ilikuwa ndogo. Lami ilipowekwa, chukudu ilibaki ileile. Kilichobadilika ni mwendo wa wengine. Fikiria chukudu inasukumwa kupanda kwa kilomita 4 kwa saa, na gari linakuja nyuma kwa 60. Gari likiwa mbali mita 100, limebakiza sekunde kama 6 tu kulifikia. Kwenye kona ya mlima, au kwenye ukungu wa saa kumi na moja alfajiri, huenda dereva hata hizo 6 asizipate.

Shida hii haikuanzia kwetu, na ninaomba ruhusa ya kuwapeleka Ulaya kidogo, kwa kuwa skuta ya mota nayo ilizaliwa kwenye barabara zilizovunjika. Italia ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa na viwanda vilivyobomolewa. Kampuni ya Piaggio, ambayo ilikuwa ikitengeneza ndege za kivita, kiwanda chake cha Pontedera kilikuwa kimepigwa mabomu. Walimwomba injinia wao wa ndege, Corradino D'Ascanio, awatengenezee chombo rahisi ambacho maskini anaweza kununua. Mtu huyo hakupenda pikipiki hata kidogo, aliziona chafu na ngumu. Mwezi wa nne 1946 ikaandikishwa Vespa: mota ya cc 98, magurudumu madogo, ubao mbele wa kukinga matope, na mwendo wa juu kama kilomita 60 kwa saa.

Kwa barabara za mwaka 1946, 60 zilikuwa nyingi. Gari lenyewe halikuweza kukimbia sana katikati ya mashimo na madaraja yaliyolipuliwa. Baadaye Italia ikajenga barabara kuu za magari. Ile ya kutoka Milano hadi Napoli ilianza kujengwa mwaka 1956 na kukamilika mwaka 1964. Pale magari yalikimbia mara mbili ya Vespa ya kwanza. Skuta iliyokuwa fahari ya inchi ikageuka ghafla kuwa kitu kidogo kinachotikiswa na upepo wa kamioni. Kwa miaka mingi sheria ya Italia ilikataza pikipiki yenye chini ya cc 150 kuingia kwenye barabara hizo.

Wajapani walipita njia hiyohiyo. Mwaka 1958 Honda ilitoa Super Cub, kapikipiki ka cc 50 ambako kizazi chake kimevuka vyombo milioni 100 duniani. Mwaka 1963 ikafunguliwa barabara yao kuu ya kwanza ya mwendo wa kasi, ile ya Meishin. Hadi leo, Japani inazuia pikipiki za cc 125 na chini kuingia kwenye barabara za aina hiyo, na zile ndogo kabisa za cc 50 zimewekewa mwisho wa kilomita 30 kwa saa hata mjini.

Wengi wakisikia hivyo husema: basi, na sisi tukataze, chukudu zitoke RN2. Hapo mimi sikubali. Muitalia aliyefukuzwa kwenye barabara kuu na Vespa yake alikuwa na barabara ya pili ya zamani, yenye lami, inayopita kijiji kwa kijiji hadi anakokwenda. Mjapani vilevile. Mkulima wa Kibumba akitolewa RN2 atapita wapi? Kushoto ni mawe ya lava, kulia ni mawe ya lava. Kwetu barabara kubwa ndiyo njia ya shamba, ndiyo njia ya shule, ndiyo njia ya kukimbilia vita. Kuandika katazo ni kazi ya dakika moja. Kuweka njia ya pembeni ni kazi ambayo hakuna aliyeianza.

Na tusisahau chombo hiki kimetufanyia nini wakati magari yenye mwendo yalishindwa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava ikapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Katika mji ulioinuka upya juu ya mawe meusi, mbao, maji na mabati yalihitaji kitu kisichoogopa njia mbaya. Mwaka 2009 ikasimamishwa mjini sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwanaume anayesukuma chukudu. Hata leo wageni hupiga picha pale. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, lava ikaikata RN2 kaskazini ya mji, na siku chache baadaye watu wengi waliamriwa kuondoka Goma. Mwaka 2022 vita viliposogea Kibumba, maelfu walitelemka hadi Kanyaruchinya kwa barabara hiyohiyo. Waliokuwa na franga walipanda moto. Wasiokuwa nazo walitafuta chukudu ya jirani.

Nimetaja moto, basi niseme neno moja kuhusu hizo pia. Moto yetu ya kawaida ya cc 100 au 125 inaweza kufika kilomita 90 kwa saa ikiwa mpya na ina mtu mmoja. Ikibeba motari, mama, mtoto na gunia la unga, haina tena nguvu ya kupanda wala ya kukwepa haraka, na freni zake zinabeba mzigo ambao kiwanda hakikuufikiria. Katika hali hiyo imekaribia chukudu zaidi kuliko motari anavyopenda kukubali. Tofauti ni kwamba chukudu inajulikana na wote kuwa nzito, lakini moto inamdanganya aliyeipanda.

Barabara inapotengenezwa, jambo la kuwaomba viongozi wa eneo na wakandarasi ni lile lile ambalo wazee wa vijiji wamekuwa wakilisema: waache ukingo wa upana wa mita moja na nusu kila upande, uliosawazishwa, usio na mfereji wazi mara baada ya lami. Chukudu hupita hapo bila taabu kwa sababu haihitaji lami. Kwenye miteremko, ukingo wa changarawe ni bora kwake kuliko lami, kwa kuwa changarawe inashika gurudumu.

Kwa familia zinazorudi nyumbani au zinazohama tena, na zinataka kukodi chukudu kwa RN2, tazameni mambo haya kabla ya kupatana bei. Mwambieni kijana aikanyage freni mbele yenu, chombo kikiwa na mzigo, na mtazame kama mpira bado ni mnene au umeshakuwa karatasi. Ulizeni kama amewahi kutelemka njia hiyo. Mtoto asikalishwe juu ya magunia kwenye mteremko, hata akilia kwa uchovu. Ashuke atembee, au abebwe mgongoni. Mtu mmoja atembee nyuma, mita kama 30, akiwa na kitambaa cheupe au tochi kukiwa giza, ili dereva wa kamioni apate zile sekunde anazozihitaji. Mvua ikianza, simameni pembeni mpaka ikatike. Na kwenye kona kali, mzigo wote utelemshwe kwa kushikwa na kamba nyuma, kama wanavyofanya watu wa Kibumba wenyewe wakibeba mbao ndefu: mmoja mbele kwenye usukani, wawili nyuma wakivuta, goti halipandi juu ya ubao mpaka njia ilale sawa.