Jiwe la Mwambao na Chokaa Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa nyumba ya mawe hudumu kwa nguvu ya mawe yake. Katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki dhana hiyo si ya kweli, wala haikuwa ya kweli zamani. Jiwe letu si lile jeusi la milimani. Ni mabaki ya viumbe vidogo vya baharini, nalo limejaa matundu, hunywa maji kama kitambaa na kuyatoa tena jua liwakapo. Jiwe la namna hii halisimami peke yake. Lahitaji mwenziwe, naye ni chokaa. Basi tutazame jinsi wazee walivyowaoanisha wawili hawa, na jinsi siku hizi wanavyotenganishwa.

Yako mawe ya namna mbili. La kwanza ni jiwe la nchi kavu, ambalo zamani sana lilikuwa mwamba chini ya bahari, hata bahari ikarudi nyuma likabaki juu. Hilo huchimbwa ardhini. Ni gumu, lina pembe nyingi, wala halichongeki vizuri. Kazi yake ni kuta, nazo hujengwa nene, nusu mita au zaidi. La pili ni tumbawe lenyewe, lililokatwa baharini lingali bichi. Likiwa na maji ni laini, fundi hulichonga kwa tezo kama mti. Likikauka huwa gumu, lakini hubaki jepesi. Kwa hiyo waashi waliliweka penye milango, vidaka, mihrabu na kuba. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yako maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe la namna hii, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107.

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa kila mtu alikaa katika nyumba ya mawe. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta ya kuwa misikiti ya kwanza ilikuwa ya miti, ndipo baadaye ukajengwa wa mawe mahali pale pale. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, misikiti aliyoisifu ilikuwa ya mbao. Lakini Kilwa, katika karne ile ile, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Wareno walipoingia mji huo mwaka 1505 walizikuta nyumba za mawe na chokaa. Jiwe lilikuwa dalili ya mali na ya ukoo uliokaa mahali pamoja siku nyingi, wala si kinga ya mvua tu.

Sasa tuje kwa chokaa. Hiyo nayo hutoka katika matumbawe. Magogo hupangwa kwa duara, mawe hurundikwa juu yake, kisha tanuu huwashwa na kuachwa iungue hata mawe yawe meupe na kuvunjika. Halafu humwagiwa maji. Mafundi wazuri hawakuitumia upesi. Waliiacha ikae kwa miezi, kwa kuwa chokaa changa hupasuka ukutani. Kwa chokaa hiyo walijenga, wakatomea mianya kwa vijiwe vidogo, wakapiga lipu, wakapaka. Juu ya boriti za mikoko walimwaga chokaa na kokoto, watu wakaipiga kwa fimbo siku kadhaa huku wakiimba, hata ikawa sakafu ngumu. Na ni boriti hizo zilizotoa kipimo cha nyumba. Mti wa mkoko hauwezi kubeba uzito huo katika nafasi kubwa. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, mita 3 hivi au pungufu.

Boriti ndiyo hufa kwanza. Dari ikivuja, maji hushuka ndani ya ukuta, huozesha kichwa cha boriti kilichofichwa mahali asipoona mtu, na siku moja chumba cha juu huanguka katika chumba cha chini. Mtu akitembea Gedi, karibu na Malindi, mji ulioachwa katika karne ya 17, ataona kuta nyingi zimesimama, lakini dari hakuna.

Adui wa pili amekuja kwa sura ya rafiki. Mwenye nyumba aonapo lipu imebanduka hununua mfuko wa saruji, akaipiga juu ya ukuta wa kale, akafurahi kwa kuwa ni ngumu. Lakini saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyoingia kwa ufa mdogo hayapati njia ya kutoka; chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, jiwe hugeuka unga, na baada ya miaka michache lipu huanguka kipande kizima pamoja na uso wa ukuta. Hatuidharau saruji. Tofali lake ni jiwe zuri la kutengenezwa kwa mkono, mradi mchanga usiwe wa pwani wenye chumvi, na tofali liwekwe kivulini na kunyweshwa maji siku 7 au zaidi. Nalo lijengwe kwa saruji, maana ndiyo jamaa yake. Kosa ni kuwaoza wasiopatana.

Hasara ya nyumba hizi si jambo la vitabuni. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash huko Unguja mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 lilipokuwa likitengenezwa, na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba la sultani laweza kuanguka, nyumba ya mjane katika kichochoro itakuwaje?

Anayejenga upya asikate matumbawe yaliyo hai; ndiyo makao ya samaki na boma la pwani dhidi ya mawimbi. Jiwe la nchi kavu latosha. Na aliyerithi nyumba ya kale na apande juu kila mwaka wakati wa kiangazi, azibue makopo ya maji, ang'oe miche ya mitini iliyoota katika nyufa ingali michanga, agonge vichwa vya boriti asikilize kama vinalia kitupu, aondoe saruji iliyolegea na kuweka chokaa mahali pake, kisha apake kuta chokaa nyembamba mara mbili. Yote haya yawe yamekwisha kabla ya masika kuanza mwezi wa Machi, kwa kuwa lipu ya chokaa yataka kukauka polepole, wala haipendi mvua ya siku ya kwanza.