Jina Moja kwa Ndege Watatu

Wako Uingereza ndege wadogo wa bustani na misitu, rangi yao kijani yenye umanjano, ambao zamani waliitwa wote kwa jina moja. Aliyewatenga ni Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, naye alianza kwa sikio. Mmoja alisikika tangu katikati ya Machi akirudia sauti mbili tu. Wa pili sauti yake ilikuwa nyepesi, ya furaha, kama kicheko. Wa tatu alikaa vileleni mwa miti, akilia kama panzi huku akitetemesha mbawa.

Mwezi wa Agosti 1768 White alimwandikia Thomas Pennant, mtaalamu wa wanyama, kwamba hapana shaka tena, aina ni tatu. Mbele yake ililala mizoga mitatu (ndivyo elimu ya ndege ilivyopatikana siku zile), na sasa jicho likaona: mdogo wao ana miguu myeusi, na mkubwa ana weupe kwenye ncha za manyoya ya bawa. Alama hizo zilikuwako siku zote; ila nani angezitafuta? Yule wa sauti mbili leo aitwa chiffchaff, yaani kwa mlio wake mwenyewe.

Mswahili naye humwita chozi kila ndege mdogo wa mdomo mwembamba uliopinda afyonzaye maua, ingawa aina zake ni nyingi. Mtunga kamusi aandikaye hivyo hakosei. Lakini akiwaonyesha wenyeji picha tu, asiwaulize juu ya milio, hawezi kusema kwamba hawana majina mengine.