Kode ya Siri: Historia Fupi, na Siku Niliyoisoma kwa Sauti

Ndugu wa promosyo, nimekuwa nikilipa polepole deni la dola 50 ambalo sikukopa. Ngoja niwaelezee, kisha tuingie kwa historia, maana hayo mambo mawili yameshikana.

Ilianza na pompe ya kupulizia dawa ya mimea. Niliona picha yake kwenye Facebook, bei nzuri, muuzaji anasema yuko hapa Goma. Nikamwandikia kwa WhatsApp. Akanipigia, sauti ya heshima kabisa: "Yaya, nakutumia kode ya komande, unisomee juu nikuandike kwa liste." Zikaingia tarakimu 6. Nikazisoma. Dakika chache baadaye WhatsApp yangu ikanifukuza. Zile tarakimu hazikuwa za komande. Zilikuwa ufunguo wa akonti yangu. Muntu huyo akaanza kuandikia rafiki zangu, kwa jina langu na picha yangu: "Mama iko hospitali, munisaidie na dola makumi tano." Leki mmoja tuliyesoma naye akatuma palepale. Jioni akafika kwetu na kilo moja ya sukari ya kumpa pole mgonjwa. Mama mwenyewe ndiye alimfungulia mlango.

Tangu siku ile nilitaka kujua: hii namba ya siri ilitoka wapi, na kwa nini sisi tunaitoa kirahisi hivi?

Tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilifungua huko Enfield, London, mashine ya kutoa pesa iliyobuniwa na John Shepherd-Barron. Mteja aliingiza hati ya karatasi, kisha akaandika namba. Mwenyewe alisimulia kwamba alifikiria tarakimu 6, lakini bibi yake akamwambia anaweza kukumbuka 4 tu. Mwaka 1966 Mskoti mmoja, James Goodfellow, alikuwa amekwisha kuandikisha ubunifu wa kadi yenye namba ya siri. Tuangalie wazo lenyewe: mashine haikujui sura, haijui ukoo wako, haijui kama wewe ni mtoto wa nani. Inajua jambo moja tu: muntu anayejua namba ndiye mwenye pesa.

Shida ya pili ilikuwa njia. Namba ikipita kwenye waya, njiani kuna masikio. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha namna watu wawili wanavyoweza kukubaliana ufunguo wa siri hata kama adui anasikiliza mazungumzo yao yote. Ndiyo hesabu iliyofungua biashara ya intaneti. Tarehe 11 Agosti 1994 huko Marekani, CD ya muziki ya Sting iliuzwa kwa intaneti, namba ya kadi ya mnunuzi ikiwa imefichwa kwa hesabu za namna hiyo. Mwaka uliofuata kampuni ya Netscape ikatoa mfumo wa kufunga mazungumzo kati ya mnunuzi na duka. Ile alama ya kufuli ambayo baadhi ya programu zinaonyesha mukifungua duka la intaneti imetoka huko. Lakini kufuli inasema njia imefungwa tu. Haisemi kama muntu aliye upande wa pili ni mwaminifu.

Kwetu, kadi hazikuwa na nafasi kubwa. Safaricom ilianzisha M-Pesa Kenya Machi 2007, na Novemba 2012 Vodacom ikaileta Kongo. Simu ikawa benki, kabini ya kona ikawa gishe, na tarakimu 4 zikawa mlinzi wa mlango. Leo tunanunua viatu, mbegu na simu kwa picha za WhatsApp, na tunalipa kwa namba ya simu.

Sasa swali langu la pili: kwa nini tunatoa kode? Wengine watasema ni ujinga. Mimi nina lisansi, na niliisoma kwa sauti. Nafikiri jibu liko kwa historia yetu wenyewe. Januari 1993 noti ya zaire milioni 5 ilikataliwa na wafanyabiashara, na askari waliolipwa nayo wakapora maduka ya Kinshasa. Oktoba mwaka ule zaire milioni 3 za zamani zikageuzwa kuwa zaire mpya 1. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franga ya Kongo: 1 kwa zaire mpya 100.000. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ikapita katikati ya mji wetu na kufunika sehemu kubwa ya mtaa wa biashara. Na mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, benki zikafunga.

Kila mara noti, duka au benki vilipotuangusha, tuliokolewa na watu. Likelemba ya wamama sokoni, jirani wa kukukopesha unga, rafiki anayetuma franga bila kuuliza maswali. Leki yangu hakukosea kuwa na moyo ule. Ndio umetufikisha hapa. Mwizi anajua hivyo. Kuvunja hesabu ya Diffie na Hellman hawezi, basi anaacha kufuli na kuja kwa mwenye ufunguo. Anakuita yaya. Anakuja kama ndugu, kwa sababu ndugu ndiye benki yetu.

Kwa hiyo sisemi tuache kuaminiana. Nasema kode ni kitu kimoja ambacho hakigawanywi hata kati ya watu wanaoaminiana, kwa sababu mashine haiwezi kutofautisha mimi na mwizi. Muuzaji wa kweli anahitaji pesa yako tu. Hahitaji kode yoyote iliyoingia kwa simu yako. Kwa kabini, andika namba yako mwenyewe, usimpe mwenye kabini akuandikie. Kama muzigo uko hapa Goma, uone kwanza, ndipo ulipe. Kwa WhatsApp, weka uthibitisho wa hatua mbili leo hii. Na rafiki akiomba msaada kwa maandishi, mupigie, usikie sauti yake, mbele ya kutuma.

Sheria ipo: tangu 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kode ya Dijitali, ordonansi-lwa namba 23/010. Lakini franga ikishatolewa kwa kabini na lenye ya simu kutupwa, ni vigumu sana kuirudisha.

Leki yangu alikataa nimulipe. Nikamwambia hapana, mlango ulikuwa wangu na ni mimi niliufungua. Bado dola 15. Sukari ile mama aliipokea, na tulikunywa naye chai siku hiyohiyo.

Tuko pamoja.