Rodd, James Rennell (1858–1941)

Mshairi na mwanadiplomasia wa Uingereza. Kwao hukumbukwa kwa ubalozi wake wa Roma na kwa urafiki wake wa ujanani na Oscar Wilde. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kumjua: mwaka 1893 aliiongoza ofisi ya ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Zanzibar, na kwa muda huo mfupi akashiriki kuamua nani akalie kiti cha usultani na nani aing'oe ngome ya Witu.

Alizaliwa London, akasoma Chuo cha Balliol, Oxford. Mwaka 1880 alishinda tuzo ya Newdigate kwa shairi kuhusu Raleigh, baharia aliyetafuta makoloni. Wilde alimwandikia utangulizi wa diwani iliyochapishwa Philadelphia mwaka 1882, lakini urafiki wao ukavunjika baadaye. Mwaka 1883 Rodd aliingia katika utumishi wa kidiplomasia, uliompeleka Berlin, Athens, Roma na Paris.

Alifika Zanzibar kushika nafasi ya Gerald Portal, aliyetumwa Uganda. Machi 1893 Sultani Ali bin Said alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani kudai kiti cha babake. Rodd, pamoja na Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya sultani, walimtoa kwa nguvu ya mabaharia wa manowari, wakamtawaza Hamad bin Thuwaini. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na sasa ilionekana wazi kuwa sultani huwekwa na balozi. Khalid alirudi jumbani Agosti 1896, na safari hiyo jumba likapigwa mizinga.

Julai mwaka huohuo wa 1893, Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilijiondoa Witu, bara ya Lamu. Rodd alikwenda na kikosi cha majini kuikabidhi nchi hiyo kwa utawala wa Sultani wa Zanzibar. Fumo Omari, wa ukoo wa Nabahani uliotoka Pate, alikataa kutii, na Agosti ngome za Pumwani na Jongeni zikavamiwa na kubomolewa. Rodd mwenyewe alikuwapo risasi zilipokuwa zikivuma. Inauma kulitafakari jambo hili: mshairi aliyesifiwa Oxford aliingia na bunduki katika nchi ya Wanabahani, jirani na Pate, ambako Utendi wa Tambuka ulitungwa mwaka 1728. Diwani yake ya 1897, Ballads of the Fleet, inatukuza wanamaji wa Uingereza, na msomaji wa pwani hawezi kuifungua bila kuikumbuka Pumwani.

Wajerumani walikuwa wameiachia Uingereza Witu kwa mkataba wa Julai 1890, na mkataba huohuo ndio ulioweka msingi wa mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mtu anayevuka mpaka wa Tanzania na Zambia kutoka Tunduma kwenda Nakonde anapita juu ya mstari uliozaliwa na mapatano yaleyale yaliyompa Rodd kazi yake ya pwani.

Portal alifariki Januari 1894, na Rodd akakihariri kitabu chake kuhusu safari ya Uganda. Kisha alihudumu Kairo. Mwaka 1897 aliongoza ujumbe kwa Mfalme Menelik huko Addis Ababa. Mkataba uliotokana na safari hiyo uliiachia Ethiopia sehemu ya malisho ya Wasomali ya Haud. Wasomali hawakuulizwa, na malalamiko yao yalidumu miongo mingi.

Alikuwa balozi nchini Italia kuanzia 1908 hadi 1919, mbunge kuanzia 1928 hadi 1932, na mwaka 1933 akapewa cheo cha Baron Rennell. Kumbukumbu zake za juzuu tatu (1922–1925) zina habari nyingi za Zanzibar na Witu, zikisimuliwa kwa kalamu nzuri ya mshindi. Upande wa Fumo Omari haumo.