Jina Lile, Watu Wengine: Albamu ya Zango na Swali la Bendi Iliyofiwa

Mwezi Juni 2023 ilitoka albamu iitwayo Zango, kwa jina la WITCH, kundi la Zambia ambalo albamu yake iliyotangulia ilikuwa ya mwaka 1984. Katika miaka hiyo 39 kifo kilikwisha kupita katika safu yake ya kwanza: Chris Mbewe wa gitaa la solo, John Muma wa rithimu, Gideon Mwamulenga wa besi, Boidi Sinkala wa dramu. Aliyebaki ni mwimbaji, Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari. Katika bendi mpya besi imeshikwa na Jacco Gardner, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1988, yaani baada ya kundi kunyamaza.

Je, hii bado ni WITCH? Wengi walioisifu albamu hii walilipita swali hilo kwa kuiita “kurudi”. Neno hilo linapotosha. Mtu hurudi alikotoka, naye Jagari hana tena pa kurudi: wenzake wamezikwa, na uchumi uliowalisha umekufa pia. Ninachodai ni kwamba Zango ni suala la mirathi, nayo mirathi ina kanuni zake. Mrithi huulizwa amefanya nini na mali. Kufanana kwake na marehemu si hoja.

Tuanze na mali yenyewe. WITCH ni herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya “tunakusudia kuzua kizaazaa”. Vijana hao walitoka Ukanda wa Shaba, miji ya Kitwe, Ndola na Chingola, ambako mishahara ya migodi ilitosha kununulia magitaa ya umeme na tiketi za dansi la mwisho wa juma. Walianza kwa kukopi nyimbo za Wazungu. Hata Jagari ni jina la Mick Jagger lililotiwa irabu za Kibantu, kama tunavyofanya sisi kila siku na maneno ya wageni. Kisha Rais Kaunda akaagiza redio ipige muziki wa nyumbani, asilimia 95 kama agizo hilo linavyokumbukwa, na kukopi peke yake hakukutosha tena. Vikatoka vinanda na magitaa yenye mkwaruzo wa fazi, ile sauti ya umeme uliochafuliwa kwa makusudi, juu ya midundo ya kwao. Muziki huo uliitwa Zamrock. Afrika Mashariki haukuwa mgeni: kundi la Musi-O-Tunya la Rikki Ililonga lilifanya kazi Nairobi, na huko ndiko liliporekodi albamu yake ya Wings of Africa.

Mambo yalikwenda mbio, na yakaisha mbio. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, vita vya ukombozi vya majirani vikaleta amri za kutotembea usiku, na bendi zikajikuta zikipiga dansi mchana. Jagari aliondoka mwaka 1977 hivi, akasomea ualimu wa muziki katika Chuo cha Evelyn Hone, Lusaka, na baadaye akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Albamu mbili za mwisho, za mwaka 1980 na 1984, zilielekea kwenye disko bila yeye. Baada ya hapo ukimwi ukaingia katika bendi za Zambia kama moto wa kiangazi.

Hapa kuna jambo linalonivutia kuliko mengine yote. Mpiga kinanda wa Zango ni Patrick Mwondela, aliyepiga na WITCH katika kipindi kile cha disko. Kwa maneno mengine, “wakongwe” wawili wa albamu hii walilitumikia jina moja kwa zamu, mmoja akiwa amekwisha kuondoka mwenzake alipotamba. WITCH ya asili tunayoililia ilikuwa imekwisha kubadilika watu na sauti tangu zamani. Msomaji wa Dar es Salaam hatashangaa. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Majina yalibadilika, wapigaji wakaondoka na kufariki, na watu bado wanakwenda kusikiliza “Msondo” pasipo kumdai mtu hati. Tofauti ni kwamba pale Dar kijana aliketi jukwaani pembeni ya mzee miaka kumi kabla ya kumrithi. Jagari hakupata kijana wa kumkalisha pembeni. Warithi wake walijifunza kwenye santuri, hasa zile zilizotolewa upya na kampuni ya Now-Again ya Marekani kuanzia miaka ya 2010.

Kuna wasiopenda picha hiyo: mzee wa Kiafrika mbele, vijana wa Kizungu nyuma, kampuni ya nje ikiuza. Pingamizi hilo lina uzito upande wa fedha na hati, maana aliyepiga mwaka 1975 mara chache ndiye anayekula mwaka 2023. Upande wa muziki halisimami. Hao vijana wa Kitwe waliazima kwa Waingereza, na sasa Waholanzi wanaazima kwao. Tena albamu ilirekodiwa Lusaka, katika studio ya DB, na sauti za nyumbani zikaalikwa: Theresa Ng'ambi, Hanna Tembo, Keith Kabwe wa kundi la Amanaz, na Sampa The Great, mzaliwa wa Zambia anayerap katika “Avalanche of Love”.

Ni katika lugha ndipo mrithi anapoitumia mali kwelikweli. Chukua “Waile”, neno la Kibemba linalotokana na kitenzi cha “kwenda”. Kiishio hicho cha -ile tunakijua: ndicho kilichojaa katika tenzi zetu za kale, nasi tumekiacha katika usemi wa kila siku. Au “Unimvwesha Shuga”: kitenzi cha kusikia kimepewa -esha ileile ya “kuwezesha”, na mtu anaambiwa kwamba anamfanya mwenzake asikie sukari. Katika nyimbo hizi Jagari haigi ujana wake. Anaimba kama mwalimu mstaafu mwenye sauti iliyopungua upana, na bendi inajifunza kumsubiri.

Panapodorora ni kwenye baadhi ya nyimbo za Kiingereza, ambako magitaa yanachafuliwa kwa uangalifu mno. Mwaka 1974 mkwaruzo ule ulitokana na vifaa walivyokuwa navyo na haraka ya kutumia saa chache za studio. Mwaka 2023 ni chaguo la mpenzi wa santuri za kale, na chaguo lenye adabu kupita kiasi. Nadhani Mbewe angewacheka kidogo, kisha awaongezee sauti.

Kwa kipimo cha mirathi, basi, Zango imefaulu kwa zaidi ya nusu, na nusu hiyo ni ile inayothubutu kusema Kibemba na Kinyanja. Mwezi Juni 2025 bendi hiyo ilitoa albamu nyingine, Sogolo, neno ambalo kwa Kinyanja maana yake ni mbele. Jagari alikuwa amekwisha kuvuka miaka 70.