Vitamini D: Ukweli kuhusu nguvu za misuli na sukari mwilini

VITAMINI D imejulikana kwa takriban karne moja kuwa ngao ya mifupa. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni sifa zake zimevuka mpaka huo. Tembe zake husifiwa katika kumbi za mazoezi kuwa hujenga misuli, na miongoni mwa wagonjwa wa kisukari kuwa hushusha kiwango cha sukari katika damu. Madai yote mawili yana msingi wa kweli, lakini msingi huo ni mwembamba kuliko jengo lililoinuliwa juu yake. Mgonjwa anayeacha insulini au dawa alizoandikiwa na daktari kwa kuitegemea vitamini hii huyahatarisha macho, figo na miguu yake.

Hata jina lenyewe linapotosha kidogo. Mtaalamu wa Marekani, Elmer McCollum, aliipa herufi D mnamo 1922 kwa kuwa A, B na C zilikuwa zimekwisha kutumika. Kwa kawaida vitamini ni kitu ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na sharti ukipate katika chakula. Vitamini D, kwa upande wake, hutengenezwa na ngozi inapopigwa na miale ya jua iitwayo urujuanimno. Kutoka kwenye ngozi husafiri hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza, kisha hadi kwenye figo, ambako hubadilishwa mara ya pili na kuwa homoni kamili. Ndiyo sababu mtu ambaye figo zake zimeharibika anaweza kupungukiwa na homoni hii hata akikaa juani kutwa. Kazi yake kuu inajulikana vyema: kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye chakula.

Misuli iliyolegea

Mnamo 1919, daktari Mwingereza Edward Mellanby alionyesha kwamba mbwa waliofungiwa ndani na kulishwa hasa nafaka walipatwa na matege, na kwamba mafuta ya ini la samaki yaliwakinga. Mwaka huohuo, Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege mjini Berlin kwa taa yenye miale ya urujuanimno. Historia hukumbuka zaidi mifupa iliyonyooka. Lakini madaktari walijua pia kwamba watoto wa aina hiyo walikuwa na misuli iliyolegea, na kwamba walichelewa kukaa, kusimama na kutembea.

Kwa watu wazima, upungufu mkubwa wa vitamini D hujitokeza kwa namna ambayo ni rahisi kuidhania uzee. Mgonjwa hushindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Kupanda ngazi huwa mtihani, na mwendo wake huyumba huku na huku kama wa bata. Udhaifu huo hukaa hasa kwenye nyonga, mapaja na mabega. Aghalabu mgonjwa huambiwa ana baridi yabisi, akapewa dawa za maumivu, na miezi ikapita bila yeyote kukumbuka kupima damu yake.

Vipande vya misuli ya wagonjwa kama hao vinapochunguzwa kwa hadubini, nyuzi zilizonyauka zaidi huwa ni zile za mwendo wa kasi. Hizo ndizo humwokoa mtu asianguke anapojikwaa, kwa kuwa hujikaza kwa haraka kabla hajafika chini. Mgonjwa akipewa vitamini D na kalsiamu ya kutosha, nguvu hurejea taratibu katika muda wa majuma hadi miezi. Kuhusu hilo hakuna ubishi.

Ubishi huanza pale vitamini hiyo inapopewa mtu asiyepungukiwa nayo. Watafiti wa Denmark walichapisha mnamo 2021 uchanganuzi wa majaribio 54 yaliyohusisha watu 8,747, na hawakuona kwamba vitamini D iliimarisha misuli ya washiriki. Katika baadhi ya vipimo, kikiwemo cha muda ambao mtu huchukua kuinuka kitini, kutembea hatua chache na kurudi kuketi, waliomeza vitamini hiyo walifanya vibaya kidogo kuliko waliopewa tembe bandia zisizo na dawa.

Dozi kubwa za mpigo mmoja zimeleta matokeo ya kutia hofu zaidi. Nchini Australia, wanawake 2,256 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walishiriki katika jaribio ambapo nusu yao walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka. Lengo lilikuwa kuwaepusha na kuanguka na kuvunjika mifupa. Matokeo yaliyotangazwa mnamo 2010 yalikuwa kinyume kabisa: waliopewa vitamini walianguka na kuvunjika mifupa mara nyingi kuliko wenzao. Jaribio lililofanywa mjini Zurich, Uswisi, na kuchapishwa mnamo 2016, liliwapa wazee dozi kubwa kila mwezi, na huko pia walioanguka waliongezeka.

Kwa kijana anayeinua vyuma, misuli hukuzwa na uzito anaoubeba, protini anayokula na usingizi anaopata. Vitamini D ni kama maji ya kukorogea saruji. Bila maji hakuna ukuta, lakini fundi akimimina pipa zima la ziada, ukuta hauwi imara zaidi.

Sukari na kongosho

Suala la misuli na lile la sukari haliko mbali kama linavyodhaniwa, kwa maana misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Insulini inapotoka kwenye kongosho na kufungua milango ya seli, sehemu kubwa ya glukosi iliyo katika damu huingia kwenye misuli. Isitoshe, msuli unaofanya kazi huweza kujifungulia milango hiyo hata pale insulini inapokuwa chache. Mtu ambaye misuli yake imenyauka na ambaye hukaa kutwa amepoteza sehemu ya ghala lake.

Kongosho nalo linahusika moja kwa moja. Seli zinazotengeneza insulini zina vipokezi vya vitamini D, na huhitaji kalsiamu iingie ndani yake ndipo ziweze kuimwaga insulini kwenye damu. Mnamo 1980, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kongosho za panya walionyimwa vitamini hii zilitoa insulini pungufu. Tangu wakati huo, tafiti nyingi zimebaini kwamba watu wenye kiwango cha chini cha vitamini D hupatwa na kisukari cha aina ya pili kwa wingi zaidi.

Je, upungufu ndio unaoleta kisukari? Si lazima. Vitamini D huyeyuka katika mafuta, na kwa mtu mnene sehemu yake hubaki ndani ya mafuta ya mwili bila kufika katika damu. Vilevile, mtu asiyetoka nje hakosi jua pekee, hukosa na mazoezi. Unene na kutofanya mazoezi huchochea kisukari vyenyewe, kwa hivyo kiwango cha chini cha vitamini kinaweza kuwa kivuli tu cha mambo hayo.

Jaribio kubwa la kupambanua jambo hili lilifanywa nchini Marekani na matokeo yake kuchapishwa mnamo 2019. Watu 2,423 ambao sukari yao ilikuwa juu ya kawaida, lakini haijafikia kisukari, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilimeza yuniti 4,000 za vitamini D kila siku na jingine tembe bandia. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, watu 293 wa kundi la vitamini walikuwa wamepata kisukari, dhidi ya 323 wa kundi la pili. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuweza kuthibitisha kwamba haikutokana na bahati. Majaribio ya Norway na Japan yalielekea upande huohuo.

Takwimu za majaribio hayo matatu zilipounganishwa mnamo 2023, ndipo ilipobainika kwamba hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 15. Kwa lugha nyepesi, kati ya watu 100 walio kwenye kizingiti cha ugonjwa huu, kama watatu hivi huepushwa nao katika muda wa miaka mitatu. Si haba, lakini yafaa kulinganishwa na jaribio jingine la Marekani lililotangazwa mnamo 2002. Huko, watu waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi kwa angalau dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Dawa ya metformin iliipunguza kwa asilimia 31.

Kwa aliyekwisha kuugua kisukari, badiliko linaloletwa na vitamini D katika kipimo cha sukari cha miezi mitatu limekuwa dogo au halikuonekana kabisa. Haiwezi kuchukua nafasi ya dawa.

Jua lipo, upungufu upo

Wengi humu nchini huamini kwamba anayeishi kwenye ikweta hawezi kupungukiwa na vitamini D. Dhana hiyo ni kweli nusu. Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania walipopimwa katika utafiti uliochapishwa mnamo 2012, wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita moja ya damu, kiwango kinachozidi sana kile cha 50 ambacho wataalamu wengi hukitosheka nacho. Hao ni watu ambao kwa desturi hushinda nje.

Hali ni tofauti mijini. Uchanganuzi wa tafiti za Afrika uliochapishwa mnamo 2020 ulionyesha kwamba takriban thuluthi moja ya waliopimwa walikuwa chini ya nanomoli 50. Jijini Nairobi, utafiti wa mwaka 2018 ulihusisha matege ya watoto wa mtaa mmoja wa mabanda na ukosefu wa vitamini D pamoja na utapiamlo. Nyumba zilizobanana huzuia jua. Mtoto aliyefungiwa ndani mama akienda kazini, bawabu anayelala mchana na mwanamke anayejisitiri mwili mzima, wote huishi chini ya jua lisilowagusa. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Walio kwenye tiba ya kifua kikuu au kifafa wamo pia hatarini, kwa kuwa rifampicin na baadhi ya dawa za kifafa huharakisha kuvunjwavunjwa kwa vitamini hii mwilini.

Chakula husaidia kidogo. Samaki wenye mafuta, maini, kiini cha yai na uyoga uliokaushwa juani vina vitamini D. Mtu mzima huhitaji yuniti 600 kwa siku, na 800 akishapita miaka 70. Kiwango cha juu ambacho hapaswi kukizidisha bila ushauri wa daktari ni yuniti 4,000.

Jua halimpi mtu sumu ya vitamini D, kwani ngozi huharibu ile inayozidi. Tembe hazina breki hiyo. Anayezimeza kupita kiasi kwa muda mrefu hujaza kalsiamu katika damu yake, nayo humletea kichefuchefu, kufunga choo, mawe ya figo, kiu kali na kwenda haja ndogo kila mara. Dalili hizo mbili za mwisho ndizo zilezile za kisukari kilichopanda. Mgonjwa anayemeza tembe hizi na kuona kiu imezidi huenda akaongeza nyingine akidhani sukari ndiyo imepanda. Kinachohitajika hapo ni daktari aambiwe kuhusu tembe hizo, na kalsiamu ipimwe pamoja na sukari.