Binti wa X moja na mifupa yake

Masisi, mashariki mwa Kongo, ni nchi ya maziwa. Jibini ya milima yake huuzwa Goma kila siku, na mtoto anayekua kwa maziwa hayo chini ya jua la ikweta angetazamiwa kuwa na mifupa migumu kuliko mwenzake wa misitu ya Walikale, anayeshibia ugali wa muhogo na sombe. Lakini wapo mabinti ambao maziwa peke yake hayawafai kitu, na madaktari walihangaika miaka mingi kabla ya kujua kwa nini.

Mwaka 1930 Otto Ullrich, daktari wa watoto nchini Ujerumani, alieleza habari za msichana wa miaka 8 mwenye maumbile yasiyo ya kawaida. Mwaka 1938 Henry Turner wa Oklahoma, Marekani, akaeleza wagonjwa saba: wafupi, ngozi ya shingo imetanuka hadi mabegani, viwiko vimepinda kwenda nje, na hawajavunja ungo. Jina lake ndilo lililobaki kwenye ugonjwa huo, ingawa alikosea chanzo chake, kwani aliishuku tezi iliyo chini ya ubongo. Ni Fuller Albright wa Boston na wenzake walioonyesha, mwaka 1942, kwamba kasoro iko kwenye ovari. Albright huyohuyo ndiye aliyekwisha kuhusisha kudhoofika kwa mifupa ya wanawake waliokoma hedhi na upungufu wa estrojeni, homoni inayotengenezwa na ovari. Binti wa Turner, basi, alikuwa na upungufu wa mwanamke mzee kabla hajawa mwanamke.

Mwaka 1959 Charles Ford, Paul Polani na wenzao wa Uingereza walihesabu kromosomu za msichana wa miaka 14, wakakuta 45. Kromosomu ya X ya pili haikuwepo. Ikumbukwe kwamba hadi miaka michache nyuma vitabu vilikuwa vikifundisha kwamba binadamu ana kromosomu 48. Hesabu sahihi ya 46 ilitangazwa mwaka 1956 tu.

Takriban robo ya mifupa ya mtu mzima hujengwa katika miaka miwili hivi ya kubalehe. Estrojeni isipokuja wakati huo, mifupa hubaki myepesi. Tena jeni iitwayo SHOX, iliyogunduliwa mwaka 1997, hupungua pamoja na ile X, na ndiyo sababu kubwa ya ufupi. Wengi pia husikia vibaya, jambo linaloweza kuongeza hatari ya kuanguka.

Mashine za DEXA za kupima uzito wa mifupa, zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, zilileta kizungumkuti. Hupima mfupa kama kivuli, bila kina, hivyo mfupa mdogo huonekana mwepesi kuliko ulivyo. Kimo kinapozingatiwa, mabinti waliopata homoni mapema huonekana na uti wa mgongo karibu sawa na wa wenzao. Hatari kubwa ni kwa wanaochelewa kuzipata.

Nao mabinti wa Masisi na Walikale huchelewa. Kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa hai, mmoja huwa na hali hii, awe wa Ulaya, wa Nyabiondo kule Masisi au wa Pinga kule Walikale. Chuo Kikuu cha Kinshasa kina wataalamu wa jenetiki, lakini Kinshasa iko upande wa pili wa nchi. Masisi-Centre ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Walikale-Centre Machi mwaka huohuo. Katika hali hiyo mfupa uliovunjwa na risasi ndio unaotibiwa kwanza. Nani atauliza kwa nini binti wa miaka 16 ana kimo cha mtoto wa 10?

Swali hilo halihitaji maabara. Utepe wa kupimia kimo, na kuuliza kama matiti yameanza kuota, vinatosha kuamsha shaka. Mwongozo wa kimataifa unapendekeza estrojeni ianze kwa kiasi kidogo sana katika umri wa miaka 11 au 12, iongezwe taratibu kwa miaka miwili au mitatu. Si dawa ya kujinunulia dukani: kiasi kikubwa mapema huzuia mifupa isirefuke zaidi. Wauguzi wa vituo vya afya, nanyi mama zetu, binti akifika miaka 13 bila dalili ya kubalehe, naye ni mfupi mno kuliko dada zake, msimwambie asubiri. Mpelekeni kwa daktari.